Uji wa Nyuzi

Nan Basilia, maana huko kila mama mtu mzima huitwa Nan, aliposhuka kutoka Santa Rita alikuja na kuku mmoja, furushi la nguo, na kitanda chake cha kufumia, fito na nyuzi tu, kimeviringishwa mgongoni kama mkeka. Nan Saturnina alikuwa uani akipukuchua mahindi. Kuku alimpokea kwa furaha, na furushi pia akalipokea. Lakini alipoona zile fito za kitanda zikichungulia juu ya bega la mgeni, alijua kwamba raha imekwisha nyumbani kwake mpaka siku ya ubatizo.

"Karibu, mkwe wangu," alisema, akijifuta mikono. "Umekuja kumwona mjukuu au umehamia kabisa?"

"Nimekuja kumwona mjukuu tu," Basilia akajibu, akitua mzigo. "Hizi fito nimezibeba ili mikono isikae bure. Nitafuma kitambaa kidogo cha kufunikia chapati."

"Ala! Basi tumepatana. Hata mimi nafuma kitambaa cha kufunikia chapati."

Wakatazamana, wakacheka, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anadanganya.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Huko San Gaspar, kwao Saturnina, kando ya ziwa, wanawake huvaa wipili nyekundu yenye ndege wadogo kifuani. Santa Rita, juu mlimani, huvaa wipili ya buluu yenye mistari ya milima mabegani. Kwa asiyejua, wipili ni blauzi tu, vipande viwili vilivyofumwa kwa mkono na kushonwa pamoja katikati. Kwa watu wa pale, ukimwona mwanamke anakuja njiani kwa mbali, kabla hujaisikia sauti yake umeshajua mama yake ni wa wapi. Rosenda, binti wa Basilia, alipoolewa na Nolberto, mwana wa Saturnina, alikuja San Gaspar na buluu yake, na hakuna aliyemsumbua. Mtu mzima huvaa kama alivyovishwa na mama yake. Sasa Rosenda alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Delfina, mwenye nywele nyingi na sauti ya muuza samaki, na padri alikuwa anakuja kwa sikukuu ya mtakatifu kubatiza watoto. Delfina ataingia kanisani amevaa rangi gani? Hilo hakuna aliyethubutu kuliuliza waziwazi.

Saturnina alikuwa na sababu yake. Mungu alimpa wana wa kiume watupu. Aliwapenda wote, lakini mwana wa kiume humfundishi kufuma ndege. Wake wa wana wake wakubwa walikwenda kuishi mji mkuu, huko wanavaa magauni ya dukani. Ile nyekundu ya bibi yake, ikawa ya mama yake, ikawa yake yeye, ilikuwa imefika kwake na kusimama. Akifa, inakwenda kaburini pamoja naye. Akimwona Delfina amelala, vidole vyake vidogo vimekunjika kama vinashika uzi, alijiona tayari akivifundisha kufuma ndege.

Basi wakaanza kufuma. Basilia alifunga kitanda chake kwenye nguzo ya baraza, Saturnina akafunga chake kwenye mparachichi, hatua chache tu kutoka kwa mwenzake. Kila mmoja alipiga magoti kwenye mkeka wake, akajifunga mkanda wa kitanda kiunoni, akaegemea nyuma mpaka nyuzi za mtande, zile za urefu, zikakaza. Mwanamke akishajifunga hivyo ni kama mbuzi aliyefungwa kambani, haendi popote mpaka ajifungue. Na mchana kutwa walikuwa wakichunguliana.

"Kitambaa chako cha chapati chekundu sana, mkwe," Basilia alisema.

"Tunakula chapati za moto. Na chako mbona kina milima?"

"Kwetu hata chapati hupanda mlima."

Kutoka jikoni Rosenda aliwasikia, akatikisa kichwa. Alikuwa binti mwenye akili. Alijua kwamba wazee wawili wakicheka sana mahali pamoja, kuna kitu kinapikwa.

Kesho yake asubuhi Basilia akaja jikoni na kikombe mkononi. "Mkwe wangu, naomba uji mwepesi wa mahindi kidogo. Nyuzi zangu zimeanza kutoa manyoya."

Ni desturi. Mfumaji hupaka uji mwepesi kwenye mtande ili nyuzi zikaze zisikatike. Uji wenyewe hauna chumvi wala sukari. Saturnina akachota uji chunguni, kisha akatupa jicho kwenye rafu, palipokuwa na tonge kubwa la sukari guru. Akaangalia mlangoni. Basilia alikuwa amemgeukia mtoto, anambembeleza kwa maneno ya Santa Rita.

Saturnina akakwangua sukari guru kwa kisu, akaikoroga ndani ya kikombe mpaka ikayeyuka yote.

Hakuwa mwanamke mbaya, Saturnina. Hakutaka nguo ya mtu ichomwe wala ikatwe. Alitaka tu sisimizi. Aliwaona tayari akilini mwake, wakishuka kwenye nguzo ya baraza kwa mstari, wakitembea juu ya ile milima ya buluu, na Basilia akiwa amefungwa kiunoni, hana pa kukimbilia. Nyuzi zenye sukari hunatana pia, hazifunguki vizuri. Siku mbili za kuosha na kuanika, na tayari nyekundu imetangulia.

"Shika, mkwe," akasema. "Paka vizuri, usibane mkono."

"Mungu akubariki," Basilia akasema. "Kwenu mnazilisha nyuzi vizuri."

Siku nzima Saturnina alifuma huku jicho moja liko kwenye nguzo. Hakuona sisimizi hata mmoja. Nyuzi za Basilia zilifunguka na kufunga kama mlango uliopakwa mafuta, na buluu ikazidi kupanda. Jioni ilifika mahali ambapo nyekundu haikufika.

"Labda sukari ilikuwa kidogo," Saturnina akajisemea.

Asubuhi iliyofuata Basilia akarudi na kikombe chake, na Saturnina akakwangua kwa nguvu zaidi. Siku ya baadaye pia. Basilia kila mara alishukuru, akaenda zake barazani na kikombe, akarudisha kikombe kitupu. Hakuna sisimizi. Saturnina alianza kuingiwa na hofu. Au watu wa Santa Rita wana dawa? Au uzi wao wanauchemsha na majani machungu? Akafikiria hata kuuliza, lakini utamwuliza mtu vipi kwa nini sisimizi hawamli?

"Mama," Nolberto alisema siku moja wakati wa chakula, "hii kahawa mbona chungu hivi? Sukari guru imekwenda wapi?"

"Panya," Saturnina akajibu haraka.

"Panya gani anakula tonge zima?"

"Kuna panya wakubwa siku hizi," Basilia akasema taratibu, akiguguna chapati yake. "Hata mimi nimemsikia. Anakwangua."

Saturnina akainamia sahani yake.

Sasa, mtu akikwangua sukari guru kila asubuhi, vidole vyake huwa na nini? Na akitoka jikoni mbio ili amwahi mwenzake, ajifunge mkanda na kuanza kufuma bila kunawa, vidole hivyo vinashika nini siku nzima? Saturnina hakuwa amelifikiria hilo. Sisimizi walilifikiria kwa niaba yake.

Walikuja kesho yake, jua limepanda, kutoka kwenye mparachichi. Wa kwanza alitembea juu ya mtande kama mtu anayevuka daraja la kamba. Saturnina akampuliza. Akaja wa pili. Akainua macho, akaona mti mzima umepigwa mstari mweusi kuanzia mizizini mpaka kwenye kamba, na mstari huo unashuka kwenye nyuzi zake nyekundu, unapita juu ya ndege wake, unamfuata yeye.

"Weee! Weee! Tokeni!"

Akapiga nyuzi kwa mkono. Sisimizi wakahamia mkononi. Akajaribu kujifungua mkanda nyuma ya kiuno, fundo likakaza. Akajaribu kusimama, kitanda kikamvuta akakaa tena. Kuku wa Basilia alikuja mbio akaanza kudonoa sisimizi, na nyuzi pia.

"Rosenda! Nisaidie, mwanangu! Wameingia kwenye sketi!"

Lakini aliyefika kwanza hakuwa Rosenda. Basilia alikuwa ameshajifungua kitanda chake, kazi ameiacha ikaanguka chini tu, jambo ambalo mfumaji hafanyi. Alimfukuza kuku kwa teke, akapiga magoti nyuma ya Saturnina, akalegeza lile fundo kwa meno, akamvuta kando, akaanza kumpangusa miguu kwa reboso yake, shali yake mpya ya kutokea, mmoja mmoja, bila haraka, kama anampangusa mtoto. Alipomaliza akakaa chini palepale. Ndipo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Unacheka nini?" Saturnina akauliza kwa hasira, akijikuna.

"Nacheka panya."

Saturnina akaacha kujikuna.

"Ulijua?"

"Mkwe wangu, mimi siweki kitu kwenye uzi kabla sijakionja. Siku ile ya kwanza nilitia kidole kwenye uji, nikakilamba. Nikasema, loo, mama wa watu ananipenda, ameniwekea na sukari. Nikaunywa wote."

"Kila siku?"

"Kila siku! Uji mtamu hivyo niumwagie uzi? Nyuzi zangu nilipaka unga kidogo niliokuja nao furushini, nikaukoroga kwa maji. Tazama tumbo langu, mkanda wa kitanda nimeulegeza vidole viwili."

Saturnina alitaka kukasirika. Alitafuta hasira moyoni akaikosa. Alitazama ile shali mpya iliyojaa sisimizi waliopondwa, akaona aibu, kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni. Rosenda alipotoka jikoni na mtoto begani aliwakuta wazee wawili wamekaa chini ya mparachichi wanalia machozi, kuku anazunguka, na wipili mbili ndogo ziko chini, moja ya buluu na moja nyekundu.

"Kumbe hivi ndivyo vitambaa vya chapati," akasema.

Wote wawili wakamwangalia kuku.

"Sasa sikieni, mama zangu. Nyie mnahangaika bure. Wipili ina vipande viwili, si ndiyo? Mama Satur atoe kimoja chekundu, mama atoe kimoja cha buluu, tushone katikati. Mtoto avae vyote."

Wale wazee wakageuka wakamtazama kama ametukana msalaba.

"Nusu na nusu?" Saturnina akasema. "Mtoto ni bendera?"

"Akitembea upande atakuwa wa kwetu, akigeuka wa kwao?" Basilia akasema. "Rosenda, nilikulea mimi kweli?"

"Nenda ukanyonyeshe," Saturnina akasema.

"Nenda, nenda. Na umnyonyeshe kulia na kushoto, asije akawa nusu."

Rosenda akaenda zake, akitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wiki ile kuanza kwamba wale wawili walikuwa upande mmoja.

Saturnina aliinua kazi yake, akaikung'uta. Ilikuwa imenata, na kuku alikuwa ameng'oa nyuzi za mtande pembeni. Angeweza kuiosha na kuunga, lakini kwa ubatizo asingeiwahi. Alijua, na Basilia aliijua kazi kwa jicho, naye akajua.

"Mkwe," Basilia akasema, safari hii bila utani. "Mbona unalitaka jambo hili hivi? Sukari yote ile?"

Saturnina akanyoosha uzi mmoja uliokatika, akaushika kati ya vidole. Halafu akamwambia. Habari ya wana wa kiume, na magauni ya dukani ya mji mkuu, na mama yake aliyemfundisha ndege wale, na kwamba hakuna mkono mwingine duniani atakaouachia.

Basilia alisikiliza. Yeye alikuwa na mabinti wanne, na wajukuu wa buluu wamejaa nyumba.

"Na mimi nikuambie langu," akasema mwishoni. "Kwetu wananicheka. Wanasema Basilia, binti yako amemezwa na ziwa. Wanashuka wote kuja ubatizoni, dada zangu, majirani, wote. Nataka waone mtoto anatoka kanisani na buluu. Siku moja tu. Baada ya hapo," akafungua mikono, "mtoto anakua. Nguo ile baada ya miezi mitatu haimwingii. Nguo si kitu."

"Nguo si kitu! Umeacha kitanda kikaanguka chini, halafu unasema nguo si kitu."

"Sikiliza, mama wewe. Delfina anakaa nyumba hii. Akifika umri wa kukaa kwenye mkeka, nani atamfunga mkanda wa kwanza kiunoni?"

Huko kwao, anayemfunga msichana mkanda wa kwanza ndiye mwalimu wake, na msichana hufuma rangi za mwalimu wake, na akifuma ndizo atakazovaa mpaka uzee. Kwa kawaida anayefunga ni mama. Rosenda angefunga, na ingekuwa buluu.

"Ubatizo niachie mimi," Basilia akasema. "Mkanda ufunge wewe. Rosenda nitasema naye, ni binti yangu, atanisikia."

Haikuwa rahisi kama inavyosikika. Saturnina alikuwa ameshajiona, miezi mizima, akitoka kwenye mlango wa kanisa na mtoto mwekundu mikononi, San Gaspar nzima inatazama. Kuliacha lile kwa ajili ya siku ambayo bado iko mbali, siku ambayo huenda hata asiifikie? Kisha akainuka akaenda kunawa mikono, vizuri, kwa sabuni, mpaka kwenye kucha. Akarudi akaketi karibu na Basilia.

"Leta uzi wako," akasema. "Nitakuviringishia. Ukifuma peke yako hutamaliza."

Siku zilizobaki walifanya kazi kwa pamoja, ingawa huwezi kusema kwamba walitulia. Siku ya kushona shingo, Basilia alipokwenda kuoga, Saturnina alikuwa peke yake na ile wipili ya buluu. Akajitahidi. Mungu anajua alijitahidi. Lakini sindano ilikuwa palepale, na kipande cha uzi mwekundu kilikuwa palepale, na upande wa ndani wa shingo ni mahali pasipoonekana na mtu.

Asubuhi ya sikukuu Basilia akamvisha mtoto. Aligeuza shingo ili aiweke sawa, mkono wake ukasimama.

"Kuna mdudu hapa," Basilia akasema.

"Mdudu gani?"

"Mwekundu. Ana mabawa." Akamtazama Saturnina kwa muda, halafu akakunja shingo taratibu, akailaza vizuri. "Tumwache. Atakuwa anasikia baridi."

Padri akabatiza. Delfina akapiga kelele mpaka mishumaa ikatikisika. Walipotoka, mbele ya kanisa walikuwa wamesimama watu wa Santa Rita upande mmoja, wamejaa buluu, wanashangilia, na upande wa pili wanawake wa San Gaspar, wekundu tupu, wameshika viuno. Mbele yao alisimama Nan Eulalia, jirani, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika.

"Nan Satur!" akaita kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani. "Leo tumebatiza mtoto wa nani? Au wajukuu wako wameisha, umeazima wa mlimani?"

Wanawake wakacheka. Mwingine akasema, "Nyekundu imekwisha dukani, Satur? Ungeniambia nikukopeshe!"

Saturnina alikuwa na majibu. Siku zote alikuwa na majibu. Lakini safari ile hakuna hata moja lililofaa, kwa sababu makubaliano yake na Basilia yalikuwa ya watu wawili chini ya mti, na hakuna mtu mwingine aliyeyajua. Kwa macho ya mji wote alikuwa mwanamke aliyeshindwa uani kwake mwenyewe.

Basilia aliwasikia. Alikuwa katikati ya ndugu zake, anapongezwa, ndiyo siku yake ile. Angeweza kunyamaza. Akamwacha dada yake katikati ya maneno, akavuka uwanja, akasimama mbele ya Eulalia, kifua mbele.

"Wewe mama, sikia, na wenzako wasikie. Na nyie wa kwetu, sogeeni, nataka mshuhudie wote." Alingoja mpaka wakasogea. "Leo mtoto amevaa buluu kwa sababu mgeni hupewa kwanza, na mkwe wangu ana adabu. Lakini mkanda wa kwanza wa kitanda atafungwa na huyu hapa, Saturnina. Mimi, mama wa mama yake, nimesema. Asije binti yangu, asije dada yangu, asije mtu yeyote kesho akasema hakusikia. Mmesikia?"

Dada zake Basilia wakaangaliana. Mmoja akafungua mdomo, Basilia akamtazama, mdomo ukafungwa. Rosenda, mtoto mikononi, akaitikia kwa kichwa mbele ya watu wote.

"Tumesikia," wanawake wa San Gaspar wakasema, wachache kwanza, halafu wote.

Saturnina alielewa. Maneno ya chini ya mti yanaweza kusahauliwa, lakini yale yaliyosemwa mbele ya kanisa, miji miwili inasikiliza, hakuna atakayeyafuta. Na Basilia ameyasema siku ambayo yangemgharimu zaidi, mbele ya watu walewale aliotaka wamsifu. Akamsogelea Rosenda, akaona wipili ya mtoto imepanda juu na kujikunja kwapani, akaishika kwa mikono miwili, akaishusha, akainyoosha ile milima ya buluu mabegani mpaka ikakaa sawa, kama mtu anavyonyoosha kazi yake mwenyewe kabla watu hawajaitazama.

Eulalia hakuweza kuvumilia. "Haya, Satur, naona mmependana. Sasa na wewe tutakuona lini na buluu?"

"Nikifa," Saturnina akajibu papo hapo. "Na hata siku hiyo, mniulize kwanza."